Je, Huduma Ninazotegemea Mtandaoni Zitakuwapo Miaka Kumi Ijayo?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Kila wiki nasoma kwamba huduma fulani ya mtandaoni inafungwa au inauzwa. Leo wanasema injini za utafutaji zimefika mwisho kwa sababu ya akili mnemba, kesho wanasema kila cha bure kitaanza kulipiwa. Picha za wanangu tangu walipozaliwa, barua pepe zangu za zaidi ya miaka kumi, vitabu na filamu nilizonunua, vyote viko kwa kampuni moja kubwa. Nimwamini nani? Na je, nihame sasa hivi, au ninahangaishwa na uvumi tu? – Mama wa wawili

JIBU: Dada yangu, habari ni njema, na asante kwa kuandika. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja na kila moja lina jibu lake. La kuhama nakujibu papo hapo: usihame kwa sababu ya uvumi. Hata hivyo hofu yako ina msingi, ila nadhani umeielekeza mahali sipo. Kampuni kubwa haielekei kuamka kesho na kufuta barua pepe za watu wote. Kilichonishtua katika swali lako ni maneno haya matano: "vyote viko kwa kampuni moja". Hatari iko hapo, na itaendelea kuwapo hata kama kampuni yenyewe itadumu miaka hamsini.

Tuanze na habari unazosoma. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika habari za teknolojia, mengi yasemwayo hayapo na wala hayaji. Habari hizi hutoka kwenye vyanzo vya aina tofauti kabisa, lakini vichwa vya habari huzipanga pamoja kana kwamba zina uzito mmoja.

Lenye uzito kuliko yote ni tangazo la kampuni yenyewe lililotaja tarehe. Hilo liamini, na lifanyie kazi siku hiyohiyo. Tarehe 28 Februari 2025 Microsoft ilitangaza kwamba Skype, huduma yake ya kupiga simu kupitia mtandao, ingefungwa tarehe 5 Mei, na siku ilipofika ikafungwa. Tarehe 13 Machi 2013 Google ilitangaza kufunga Google Reader, huduma yake ya kusomea habari za tovuti nyingi mahali pamoja, na tarehe 1 Julai ikazimwa. Tazama muda ambao watumiaji walipewa. Skype ilikuwapo tangu 2003, lakini kutoka tangazo hadi mwisho hazikutimia wiki kumi. Kwa hiyo unapofikiria miaka kumi ijayo, jua kwamba taarifa rasmi, ikija, itakupa miezi michache tu. Mtu aliyekuwa safarini, mgonjwa, au asiyefungua barua za kampuni hiyo anaweza kuikosa kabisa.

Kuna habari za "imegundulika". Hizi hutokana na watu wanaofungua faili za programu ya simu na kusoma msimbo uliomo, wakakuta kitufe ambacho bado hakijaonyeshwa kwa watumiaji, au sentensi inayotaja ada mpya. Mara nyingi walichokiona ni cha kweli. Ila kinathibitisha jambo moja tu: kuna wahandisi wanaojaribu kitu. Majaribio mengi hufa kimya kimya bila mtu yeyote nje kuyaona. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ni ushahidi dhaifu zaidi, kwa kuwa kampuni husajili mawazo mengi ili tu mshindani asiwahi kuyasajili.

Na kuna utabiri. Hapa nakuomba uwe mgumu kusadiki, hata anayetabiri akiwa mtu mkubwa. Mwaka 1995 Robert Metcalfe, mmoja wa wavumbuzi wa Ethernet, teknolojia ya kuunganisha kompyuta kwa waya, aliandika kwamba intaneti ingeporomoka mwaka 1996. Haikuporomoka, na mwaka 1997 aliisaga makala yake pamoja na maji mbele ya hadhira akaila, kama alivyokuwa ameahidi. Januari 2004, Bill Gates, mwanzilishi mwenza wa Microsoft, alisema kwenye mkutano wa uchumi wa dunia huko Davos kwamba tatizo la barua taka lingekuwa limekwisha ndani ya miaka miwili. Wewe mwenyewe fungua sanduku lako uone. Hawa waliifahamu mitambo kuliko karibu kila mtu duniani. Kinachowapiga chenga watabiri ni tabia za watu na njia za fedha, na mambo ya mtandaoni huamuliwa na hayo mawili kuliko uwezo wa mashine.

Bado kuna kauli ambayo watu huiamini kupita kiasi, nayo ni kanusho. Tarehe 29 Julai 2022, uvumi ulipozagaa kwamba Google ingefunga Stadia, huduma yake ya kucheza michezo ya video kupitia mtandao, akaunti rasmi ya Stadia ilijibu waziwazi kwamba huduma haifungwi. Tarehe 29 Septemba, miezi miwili baadaye kamili, Google ikatangaza kuifunga, na tarehe 18 Januari 2023 ikazimwa. Sidhani aliyeandika kanusho lile alikusudia kudanganya. Katika kampuni kubwa, anayejibu wateja na anayeamua mara nyingi hawakai meza moja. Aliyetaka kujua ukweli angeupata mahali pengine: tarehe 1 Februari 2021 Google ilikuwa imetangaza kufunga studio zake za ndani zilizokuwa zikitengeneza michezo ya Stadia. Ukiona mwenye huduma ameacha kuwekeza ndani yake, maneno yanayofuata hayana tena uzito mkubwa.

Skype ilitoa dalili za namna hiyo kwa miaka mingi. Microsoft iliinunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5. Mwaka 2017 ikaanzisha Teams, inayofanya karibu kazi zilezile. Mwaka 2021 ikafunga Skype ya mtandaoni ya wafanyabiashara, na mwaka huohuo Windows 11 ikatoka ikiwa na Teams ndani yake, Skype ikaachwa nje. Kwa anayefuatilia, tangazo la 2025 lilikuwa karatasi ya mwisho ya jalada lililofunguliwa zamani.

Kwa hiyo nikiulizwa kama huduma fulani itadumu, nauliza maswali yangu mwenyewe. Je, huduma hii inamlisha mwenye nayo, au yeye ndiye anayeilisha? Je, kampuni hiyohiyo ina huduma nyingine inayofanya kazi ileile? Je, mwaka uliopita ilipata jambo jipya la maana, au ilipakwa rangi tu? Wingi wa watumiaji sio kinga, wala mapenzi yao. Google Reader ilipendwa kiasi kwamba watu walitia saini kwa maelfu kuomba isifungwe, na ikafungwa. Yahoo iliinunua GeoCities, huduma ya kutengenezea kurasa binafsi za mtandaoni, mwaka 1999 kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 3.6 hivi, ikiwa miongoni mwa tovuti zilizotembelewa zaidi duniani. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2009, ikaifunga nchini Marekani, na kurasa ambazo watu wa kawaida walikuwa wamezitengeneza kwa mikono yao zikafutwa. Sehemu kubwa ya kilichobaki kilibaki kwa sababu watu wa kujitolea, akiwamo Jason Scott na kundi lake la Archive Team, walikesha wakinakili kabla ya siku ya mwisho.

Ukiipima kampuni yako kwa maswali hayo, barua pepe na hifadhi ya picha za kampuni kubwa zinapita vizuri. Ndizo zinazomfanya mtumiaji abaki, na anayebaki ndiye anayeona matangazo au kununua simu inayofuata. Hizo sizihofii kufungwa. Nahofia mambo mengine ambayo hayapati vichwa vikubwa vya habari.

La kwanza ni kubadilika kwa masharti, na hapa ndipo swali lako la "kila cha bure kitalipiwa" linapoingia. Google Photos ilipoanza mwaka 2015 iliahidi kuhifadhi picha bila kikomo, bure, kwa ubora uliopunguzwa kidogo. Novemba 2020 ikatangaza mwisho wa ahadi hiyo, na kuanzia tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya ikahesabiwa katika gigabaiti 15 za bure ambazo mtu hugawana na barua pepe yake. Flickr, tovuti ya kuhifadhi picha, ilimpa kila mtu terabaiti nzima, yaani takriban gigabaiti 1,000, mwaka 2013. Baada ya kununuliwa na SmugMug, kampuni nyingine ya picha, mwaka 2018, akaunti za bure ziliwekewa kikomo cha picha na video 1,000, na mwaka 2019 zilizozidi zikaanza kufutwa. Mtindo ni uleule: bure hutumika kukusanya watu wakati kampuni inatafuta ukubwa, na ukubwa ukishapatikana, bili inakuja.

Ila sikubali kwamba kila kitu kitakuwa cha kulipia. Ninachokiona kikija, na tayari kimeanza, ni kulipa na bado ukaonyeshwa matangazo. Netflix ilileta kifurushi cha bei nafuu chenye matangazo Novemba 2022. Tarehe 29 Januari 2024 Amazon iliingiza matangazo ndani ya Prime Video kwa watu waliokuwa tayari wanalipia nchini Marekani, na asiyeyataka akatakiwa kuongeza dola 2.99 kwa mwezi. Upande wa pili, Meta ilianza Novemba 2023 kuwauzia watumiaji wa Ulaya Facebook na Instagram zisizo na matangazo. Mstari uliotenganisha huduma ya bure yenye matangazo na huduma ya kulipia isiyo nayo unafutika, na sitarajii kuuona ukirudi. Panga bajeti yako ukijua kwamba bei unayoiona leo ni bei ya kukuingiza mlangoni.

Kuhusu akili mnemba na mwisho wa injini za utafutaji, nitakupa maoni yangu na hesabu zinazoyaunga mkono. ChatGPT ilitoka tarehe 30 Novemba 2022. Februari 2024 kampuni ya utafiti ya Gartner ilitabiri kwamba matumizi ya injini za utafutaji za kawaida yangeshuka kwa asilimia 25 ifikapo 2026. Utabiri huo ukawa kichwa cha habari kila mahali. Wakati huohuo mapato ya Google yanayotokana na utafutaji yalipanda kutoka takriban dola bilioni 175 mwaka 2023 hadi takriban bilioni 198 mwaka 2024. Biashara inayokata roho haikui hivyo. Google yenyewe ilianza Mei 2024 kuwaonyesha watumiaji wa Marekani majibu yaliyoandikwa na akili mnemba juu ya orodha ya tovuti. Kwa hiyo utafutaji haufi, unabadilika umbo: jibu linabaki palepale kwenye ukurasa wa mtafutaji, na msomaji hafiki tena kwa aliyeliandika.

Hili linanisikitisha, na nalisema wazi. Tovuti ndogo zinazoeleza jinsi ya kutengeneza cherehani, kutibu mmea au kusoma mkataba ziliishi kwa wageni walioletwa na injini za utafutaji. Wageni wakikatika, mwandishi ataacha kuandika, na siku moja ataacha kulipia jina la tovuti yake. Tayari mtandao ulikuwa ukipotea hata kabla ya hapo: kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Kama kuna ukurasa unaoutegemea, mapishi, maelezo ya dawa, chochote, usitosheke na kuuwekea alama kwenye kivinjari. Uhifadhi kama PDF kwenye kompyuta yako, au uupeleke kwenye Wayback Machine, hazina ya kurasa za mtandao ya shirika la Internet Archive, ambayo imefunguliwa kwa umma tangu 2001 na humruhusu mtu yeyote kuhifadhi ukurasa.

Sasa vitabu na filamu "ulizonunua". Naomba radhi kwa kukupa habari mbaya. Mara nyingi ulichonunua ni leseni ya kutazama au kusoma kwa muda ambao muuzaji bado ana haki ya kukuonyesha. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu vya kielektroniki mwaka 2019, vitabu vilitoweka kwenye vifaa vya wateja. Fedha zilirudishwa, vitabu havikurudi. Desemba 2023 Sony iliwaarifu wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyonunua vingeondolewa kwenye maktaba zao, na vilinusurika kwa sababu pande mbili zilikubaliana upya kuhusu leseni kabla siku haijafika. Jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa za namna hii bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Ni sheria nzuri, lakini haimpi mteja faili. Ushauri wangu: kitabu au filamu ambayo ungesikitika kuikosa, itafute kwa muuzaji anayekupa faili isiyo na kufuli, au uinunue kwenye karatasi au diski. Nyingine zihesabu kama tiketi ya kuingia ukumbini, na ulipe bei inayolingana na tiketi.

Vifaa vinavyoishi kwa kutegemea seva, yaani kompyuta kuu, ya mtengenezaji vina tabia hiyohiyo, tena mbaya zaidi. Revolv, kitovu cha kuendeshea taa na vifaa vya nyumbani kilichouzwa kwa takriban dola 300, kiligeuka kopo tupu Mei 2016 baada ya kampuni yake kununuliwa na Nest. Humane AI Pin, kifaa kidogo cha akili mnemba cha kubandika kwenye nguo, ilianza kuuzwa mwaka 2024 kwa dola 699. Mwezi Februari 2025 HP ikanunua mali za kampuni hiyo kwa dola milioni 116, na ilipofika mwisho wa mwezi huo kifaa kikaacha kufanya kazi zake za msingi. Kabla ya kununua kifaa kipya, muulize muuzaji kitafanya nini siku intaneti ya mtengenezaji ikizimwa. Akikosa jibu, acha fedha yako mfukoni.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Huduma inaweza kubaki hai, tajiri na imara, na wewe peke yako ukafungiwa nje. Mwaka 2022 gazeti la New York Times liliripoti habari ya baba mmoja wa Marekani aliyepiga picha ya mwanawe mdogo aliyekuwa mgonjwa ili daktari aione. Mfumo wa Google uliitambua picha hiyo kama unyanyasaji wa mtoto, akaunti yake ikafungwa, na polisi wakaitwa. Polisi walichunguza wakaona hana kosa. Akaunti haikurudishwa. Alipoteza barua pepe, anwani za watu, picha za miaka ya mwanzo ya mtoto wake, na hata namba ya simu, kwa kuwa nayo ilikuwa kwa kampuni hiyohiyo. Fikiria ugumu wa kurudishiwa akaunti ya benki wakati namba ya simu na barua pepe vyote vimekufa siku moja.

Kisa kama hicho ni nadra. Vya kawaida zaidi ni nenosiri lililosahaulika wakati namba ya simu ya kurejeshea ilishakufa, mwizi aliyeingia na kubadilisha kila kitu, au ukimya tu. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, na ufutaji ulianza Desemba mwaka huo. Je, una akaunti ya zamani yenye picha ambayo hujaifungua siku nyingi? Ifungue leo. Na wakati mwingine hakuna mkosaji wala sera yoyote: mwaka 2019 Myspace, mtandao wa kijamii wa zamani, ilikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa humo kwa miaka kumi na miwili hadi 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Inakadiriwa zilikuwa nyimbo zaidi ya milioni 50. Tovuti ilikuwa wazi siku ile, na ilibaki wazi kesho yake.

Ndiyo maana sikushauri kuhama. Ukihamisha vyote kutoka kampuni moja kwenda nyingine, umebadilisha jina la hatari tu. Ninachotaka ni kwamba kampuni yoyote ikikufungia mlango kesho asubuhi, iwe kwa kosa lake au lako, uumie kwa wiki moja na maisha yaendelee.

Anza na anwani ya barua pepe, kabla hata ya picha. Anwani hiyo ndiyo inayofungua kila kitu kingine, kwa sababu ukisahau nenosiri popote, kiungo cha kulibadilisha kinatumwa huko. Barua pepe ina bahati moja ambayo huduma nyingi hazina: kanuni zinazobeba ujumbe kutoka seva moja hadi nyingine ziliandikwa mwaka 1982 na haziko mikononi mwa kampuni yoyote. Ukisajili jina lako la kikoa, yaani ile sehemu ya anwani inayokuja baada ya @, na kulilipia kila mwaka, unaweza kuwa na anwani ambayo ni yako, ukabadilisha kampuni inayoibeba bila rafiki wala benki kujua. Inahitaji kazi kidogo na nidhamu ya kulipa kwa wakati, maana jina lisipolipiwa mtu mwingine anaweza kulichukua, na mtu huyo atapokea barua zako. Kama hilo ni zito kwako, fanya lililo jepesi: fungua anwani ya pili kwa kampuni tofauti, iweke kuwa anwani ya kurejeshea akaunti ya kwanza, hakikisha namba ya simu iliyosajiliwa ni unayoitumia sasa, na chapisha tarakimu za dharura za kuingilia ambazo kampuni hukupa, uziweke pamoja na vyeti vyako.

Kisha tazama ni wapi umekuwa ukiingia kwa kubonyeza "ingia kwa Google", "ingia kwa Facebook" au "ingia kwa Apple". Kila kitufe cha namna hiyo kimeitundika akaunti nyingine juu ya ileile moja. Kwa michezo na magazeti haidhuru. Kwa benki, kodi, shule ya watoto na kazi, weka barua pepe na nenosiri vinavyojitegemea, ukitunza manenosiri kwenye programu ya kuyahifadhi.

Picha za wanao ndizo sehemu nyepesi kiufundi na nzito moyoni. Kwanza uelewe kwamba kuoanisha simu na hifadhi ya mtandaoni hakukupi nakala rudufu. Kwenye huduma nyingi ukifuta picha kwenye simu inafutika na kule juu, na mtoto anayecheza na simu anaweza kufuta mwaka mzima kabla hujajua. Nakala rudufu ni ile isiyoguswa na kitendo cha upande mwingine. Nunua diski mbili za nje. Moja ikae nyumbani, ya pili ikae kwa ndugu unayemwamini, na mara mbili kwa mwaka ziongezewe picha mpya. Diski nazo hufa, ndiyo maana nasema mbili.

Kuzipata picha hizo nje ya huduma ni haki yako katika nchi nyingi. Ulaya iliiandika katika sheria yake ya kulinda data, GDPR, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, na Google ilikuwa na Takeout, huduma yake ya kupakua nakala ya data yako, tangu 2011. Apple nayo ina ukurasa wake wa data na faragha unaokuruhusu kuomba nakala ya kila kitu chako. Anwani za watu, kalenda na barua pepe viombe palepale pamoja na picha, kwa kuwa vyote hutoka katika faili zinazosomeka na programu za kampuni nyingine.

Na kwa kuwa wewe ni mama, nenda pia kwenye mipangilio uteue mtu atakayerithi akaunti. Google inakuruhusu kuchagua nani ataarifiwa na apewe nini baada ya miezi mitatu hadi kumi na minane ya ukimya, na Apple imekuwa na mrithi wa akaunti tangu mwisho wa 2021. Watu wengi hawalijui hili, na wanafamilia huja kuniuliza wakati kumekwisha kuchelewa.

Mambo machache ya Takeout ili usikwame, kama kampuni yako ni Google. Utakapoomba nakala, itachukua saa kadhaa au hata siku kutayarishwa, kisha utatumiwa kiungo kinachokufa baada ya wiki moja hivi. Kwa hiyo iombe wiki ambayo una intaneti nzuri. Itakuja vipandevipande. Unaweza kuchagua ukubwa wa kila kipande, na kwa intaneti inayokatika vipande vidogo ni salama zaidi. Utakuta kando ya picha faili ndogo za JSON. Usizifute, maana baadhi ya tarehe na maelezo ya picha yamo humo. Ukimaliza kupakua, usiamini kwamba zimefika: fungua picha kumi za miaka tofauti na video mbili moja kwa moja kutoka kwenye kila diski, ukiwa umezima intaneti. Zikifunguka zote, chomoa diski ya pili umpelekee ndugu yako.